LAWAMA YOTE ISIMWANGUKIE DEREVA

Mtu akisimama jioni kando ya njia itokayo Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, ataona jambo ambalo limekwisha kuwa la kawaida hata macho hayalishangai tena. Pikapu yapita, imebeba viroba vya mawe ya dhahabu kupelekwa kwenye karasha. Juu ya viroba wameketi watu, vijana kwa wazee, na pengine mama mwenye mtoto mgongoni; na kando ya watu zimefungwa baiskeli na madumu ya maji. Njia imekatwakatwa na mifereji ya mvua. Gari lainama upande huu, wote waegemea upande ule huku wakicheka. Lainama upande ule, wote wageuka tena. Likifika salama, wasafiri humshukuru Mungu na dereva. Lisipofika, hutolewa taarifa ya maneno machache: chanzo cha ajali ni mwendo wa kasi na uzembe wa dereva.

Sisi hatuandiki leo ili kuwatetea madereva wazembe. Wapo, twawajua, na sheria iwashike. Twaandika kwa sababu twaona ya kwamba maneno hayo machache yamekuwa kama kifuniko cha chungu: yakisha kusemwa, hakuna aulizaye kilichopikwa ndani. Basi leo twafunua chungu na kuuliza maswali mawili. Gari la porini laweza kuinama kiasi gani kabla halijapinduka? Na ni nani mwenye kukiamua kiasi hicho? Swali la kwanza lina jibu la hesabu, na kila mtu aliyesoma darasani anaweza kulifuata. Swali la pili lina jibu ambalo litawaudhi baadhi ya wakubwa, na pengine litatuudhi na sisi wenyewe.

Hesabu ya Kuinama

Kila kitu chenye uzito kina mahali pamoja ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Wataalamu hupaita kitovu cha uzito. Fundi mwashi ajuaye kazi ya timazi ataelewa upesi. Fikiri kwamba timazi imening'inizwa kutoka katika kitovu hicho hadi chini. Maadamu uzi wa timazi waangukia kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto, gari litasimama, hata likiinama. Uzi ukivuka gurudumu la upande wa chini, hakuna nguvu ya usukani wala ya injini itakayolizuia gari lisilale.

Kwa hiyo mambo yenye kuamua ni mawili tu: upana wa kusimama kwa magurudumu, na urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kinu hakianguki upesi kama mchi uliosimamishwa wima, ingawa vyote viwili ni vya mti mmoja. Gari pana lililo chini ni kinu; gari jembamba lililo juu lakaribia kuwa mchi. Na gari la porini, kwa kuwa limeinuliwa ili lipite juu ya mawe na visiki, limekwisha kupoteza sehemu ya usalama wake tangu kiwandani.

Huko Marekani, serikali yao ilianza mwaka 2001 kuwatangazia wanunuzi kipimo hiki. Huchukuliwa nusu ya upana kati ya magurudumu, ikagawanywa kwa urefu wa kitovu cha uzito. Magari madogo ya mjini, walisema, mengi hupata kati ya 1.3 na 1.5, pikapu na magari marefu ya porini hupata kati ya 1.0 na 1.3. Mwenye kupata 1.0 hupinduka akifika nyuzi 45 akiwa amesimama. Mwenye kupata 1.4 hustahimili hadi nyuzi 54. Nao hawakufikia uamuzi wa kuvitangaza vipimo hivyo kwa utulivu. Mwaka uliotangulia, yaani 2000, kampuni ya Firestone ililazimika kuyarudisha mamilioni ya matairi, baada ya magari mengi ya Ford Explorer kupasukiwa na tairi na kupinduka. Waliokufa walipita 200. Kampuni ya tairi ililaumu gari, na kampuni ya gari ikalaumu tairi. Lakini taifa lile halikukubali kwamba jambo liishie kwa mtu aliyeshika usukani.

Sasa turudi Mwakitolyo na tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuchukue pikapu ambayo upana kati ya magurudumu yake ni mita 1 na nusu, uzito wake tani 2, na kitovu chake kimo sentimita 75 juu ya ardhi. Vipimo hivi ni vya mfano, lakini haviko mbali na vya magari tuyaonayo kila siku. Gari hili likiwa tupu, tena limesimama, litapinduka likifika nyuzi 45. Hiyo ni mteremko mkali ambao mtu hawezi kuukata kwa ubavu bila kushika nyasi. Ndiyo maana wenye magari husema kwa kiburi, "Hili ni gari la porini, halianguki."

Lakini pakia tani 1 ya mawe, viroba juu ya viroba, hata katikati ya mzigo pawe sentimita 135 juu ya ardhi. Kitovu cha gari zima chapanda kutoka sentimita 75 hadi 95, na kiasi cha kuinama chashuka hadi nyuzi 38. Kisha waketishe watu 10 juu ya viroba, kila mmoja wa kilo 70, uzito wao ukiwa sentimita 190 kutoka chini. Kitovu chapanda hadi sentimita 113, na kiasi chashuka hadi nyuzi 33 na nusu. Gari bado halijaondoka penye duara, dereva hajagusa gia, na nyuzi 11 zimekwisha kuliwa! Na hapa tumehesabu matairi na springi kama kwamba ni vya jiwe. Kwa kweli hubonyea upande wa chini, na watu huegemea, na viroba huteleza. Kila kimoja chapunguza kidogo kilichobaki.

Njia na Mwendo

Sasa tuangalie njia. Watu wa Usukumani wanaijua ardhi yao na wameipa majina: luseni, udongo wa kichanga ulio juu ya miinuko, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio mabondeni. Masika, mbuga hunywa maji na kulegea, na gurudumu la upande mmoja huzama ilhali la upande wa pili lingali juu. Kiangazi, alama za magurudumu yaliyozama hukauka na kuwa mifereji migumu kama saruji. Gari likiteleza kwa ubavu, tairi hukwama katika ukingo wa mfereji, na kilichokuwa kuteleza tu chageuka kuwa kupinduka. Wachunguzi wa Marekani wameona ya kwamba katika kila magari 10 yapindukayo peke yake bila kugongana na jingine, zaidi ya 9 hujikwaa kwanza: penye ukingo, penye shimo, au penye udongo laini wa kando ya barabara.

Mfereji wenye kina cha sentimita 30 waonekana kitu kidogo; mtoto aweza kuuruka. Lakini gurudumu la upande mmoja likitumbukia humo, pikapu yetu ya upana wa mita 1 na nusu huinama nyuzi 11 na nusu. Ongeza na kona. Gari likikata kona huvutwa upande wa nje, na mvuto huo una nguvu sawa na kuinama. Katika kona ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 30, mwendo wa kilometa 20 kwa saa huongeza nyuzi 6. Mwendo ukiwa kilometa 40, hauongezi nyuzi 12 kama wengi wanavyodhani, bali karibu nyuzi 23, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, mvuto huzidi mara nne.

Basi jumlisha. Mfereji nyuzi 11 na nusu, kona nyuzi 23: jumla ni nyuzi 34 na zaidi kidogo. Gari tupu lina akiba ya nyuzi 45. Litapita, moyo wa dereva ukidunda. Gari lenye mawe peke yake lina nyuzi 38. Litapita kwa bahati. Gari lenye mawe na watu juu yake lina nyuzi 33 na nusu; halitapita.

Twaomba msomaji atue hapa kidogo. Dereva ni yule yule, kona ni ile ile, mwendo ni ule ule. Asubuhi alipita hapo akienda kuchukua mzigo, na gari halikufanya neno. Jioni amerudi na gari limelala, watu wako chini ya viroba, na maofisa wameandika: mwendo wa kasi. Ni kweli, angalikwenda kilometa 20 wangalifika nyumbani. Lakini ni kweli vile vile kwamba wangalifika nyumbani kama wale 10 wasingalikuwa juu ya mzigo, au kama mfereji ungalifukiwa. Kwa nini kweli moja iandikwe, na kweli mbili zifichwe?

Nani Aliyezila Nyuzi?

Jibu la swali letu la pili ni hili: kiasi cha kuinama hakiamuliwi na dereva peke yake. Huamuliwa na mwenye kupakia, mwenye njia, na mwenye haraka, kabla dereva hajawasha gari.

Mwenye kupakia hudanganywa na macho. Katika nchi hii ya pamba, watu wamezoea kuliona lori likiwa limejaa hadi angani. Likionekana hivyo, kila mtu hujua kuwa ni hatari na hulikaa mbali. Mawe si pamba. Mita moja ya ujazo ya mawe yaliyovunjwa ina uzito wa tani 1 na nusu au zaidi. Bodi la pikapu likiwa na mawe ya kutosha, bado laonekana tupu, na tajiri husema, "Ongeza, nafasi ipo." Nafasi ipo, lakini nyuzi zimekwisha.

Mwenye njia ni nani? Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya zina wakala wake, TARURA. Lakini njia nyingi za machimboni zimezaliwa na magurudumu tu. Hazikuchorwa na mtu, na hazina wa kuzitunza. Dhahabu ipitayo humo hutozwa mrabaha na ushuru. Si haki dhahabu ikahesabiwa na njia yake isahauliwe. Mashimo matatu mabaya penye kona yaweza kufukiwa kwa siku moja na watu 20 wenye sululu na toroli. Jambo hili halihitaji mgeni kutoka ng'ambo.

Mwenye haraka ni yule amlipaye dereva kwa safari na si kwa siku. Dereva wa namna hiyo akipunguza mwendo amejipunguzia chakula cha watoto. Kumwambia aende polepole, huku malipo yake yakimwambia akimbie, ni kumfunga ng'ombe wawili nira moja na kuwaswaga njia mbali mbali.

Lori za tipa zinazochukua marudio kupeleka kwenye plenti zina hatari yao, nayo ni kubwa zaidi kwa kuwa huja gari likiwa limesimama. Tipa likiinua bodi lake, mzigo wote wapanda juu pamoja nalo. Marudio yakiwa mabichi hushikamana na bodi. Sehemu ya chini humwagika, na ile ya juu hung'ang'ania kule kileleni. Ardhi ikiwa imelala kidogo tu upande mmoja, au tairi moja ikiwa haina pumzi ya kutosha, lori huenda ubavu mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo anayesimama kando ya tipa linalomwaga asihesabu kuwa yu salama kwa sababu gari haliendi.

Pengine mtu atasema: Je, mizani haipo? Ipo katika barabara kuu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria yake mwaka 2016, ambayo haikubali gari na mzigo wake kupita tani 56. Ni sheria njema. Lakini imewekwa ili kulinda lami, na hupima uzito unaokanyaga ardhi. Haiulizi uzito huo umepandishwa juu kiasi gani. Lori lenye tani halali laweza kuwa na kitovu cha mauti. Tena, njia za machimboni hazina mizani hata moja.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kufundishwa na wageni ya kwamba kilichopakiwa vibaya hulala. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Chombo cha majini kina hesabu yake, na gari lina yake, lakini somo ni moja: uzito ukizidi, tena ukisogea upande mmoja, chombo hakiangalii cheo cha aliyemo. Kwa vifo vya ziwani taifa lilipandisha bendera nusu mlingoti na likauliza maswali. Kwa vifo vya njia za machimboni, wanne hapa na watano pale, hakuna aulizaye.

Majibu kwa Wenye Kupinga

Twajua watakalosema wenye magari. Watasema mafuta ni ghali, safari mbili hazilipi, na mchimbaji mdogo hana uwezo. Hatulidharau neno hili, kwa maana mchimbaji mdogo kweli hana mengi. Lakini tumekwisha kuonyesha kwamba hatari kubwa haikuletwa na mawe peke yake. Watu 10 wenye kilo 700 wamepandisha kitovu kwa sentimita 18, karibu sawa na tani nzima ya mawe, kwa sababu wamekaa juu kuliko kila kitu. Kuwashusha hao hakumgharimu tajiri hata lita moja ya mafuta.

Kuna wengine watakaosema kuwa watu hupanda kwa hiari yao. Hiari gani? Kibarua aliyemaliza kazi jioni, aliye mbali na nyumbani, ambaye hana gari jingine, huambiwa "panda" au abaki porini. Na akiumia, shida yake yaanza upya. Nchi yetu ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake, WCF, umekwisha kuwa tegemeo la wengi. Lakini kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote ataanzaje kuthibitisha kwamba alikuwa kazini, na kwamba kiroba kilichomvunja mguu kilikuwa cha tajiri wake?

Na hapa twageuza kidole kwetu wenyewe. Mara ngapi sisi wanachama tumejazana juu ya malori kwenda mikutanoni, tukiimba na kupunga matawi, wote tukihamia upande mmoja kumwangalia mgeni? Mara ngapi kiongozi ameona fahari kuyaona malori yale yakifika yamefurika? Hatuwezi kumkataza tajiri wa Mwakitolyo tendo ambalo sisi wenyewe twalipigia makofi. Fimbo ya kuadibia na ianze nyumbani.

Yatupasayo Kufanya

Basi twapendekeza mambo haya, nayo si mageni wala ya gharama.

Kwanza, mtu asipande juu ya mzigo. Watu wapelekwe kwa safari yao, wakiwa wameketi ndani ya bodi na si juu ya viroba. Matawi na vyama vya wafanya kazi viliweke neno hili kuwa amri, na viongozi wawe wa kwanza kulitii.

Pili, mzigo wa mawe usipite kimo cha ubao wa bodi, na viroba vifungwe visiteleze. Kimo chaweza kuchorwa kwa rangi ili kila utingo akione bila kupima.

Tatu, tipa lisiinue bodi mahali palipolala ubavu, na watu wakae mbali nalo kwa umbali unaozidi urefu wa bodi lililoinuliwa.

Nne, penye mfereji au mteremko, abiria washuke na kutembea, na mtu mmoja atangulie kumwongoza dereva. Kilima kipandwe na kushukwa kwa kukielekea, kisikatwe kwa ubavu. Gari likianza kulala, dereva ageuze magurudumu ya mbele kuelekea upande wa chini, asijaribu kulipandisha.

Tano, kila gari liwe na kipimo. Hakuna haja ya kukinunua. Funga nati kwenye uzi wa sentimita 50, uning'inize juu ya ubao uliosimamishwa ndani ya gari. Nati ikihama sentimita 13 kutoka katikati, gari limeinama nyuzi 15. Na kwa gari lenye mzigo huo ni wakati wa kusimama na kufikiri. Kipimo hiki husema kweli gari likiwa limesimama au likienda polepole sana, na huko ndiko kwenye faida yake: humfundisha dereva kusimama.

Sita, taarifa ya kila ajali iandike mambo matatu pamoja na mwendo: mzigo ulikuwa na kimo gani, watu wangapi walikuwa juu yake, na njia ilikuwa na shimo gani. Majibu hayo yakiandikwa, wenye kupakia na wenye njia watajulikana.

Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa mbele yake gramu kwa gramu, na hata sehemu ndogo ya gramu haipotei bila kuulizwa. Ni jambo jema, nasi twalisifu. Lakini taifa liwezalo kupima gramu ya dhahabu haliwezi kusema limeshindwa kupima kimo cha viroba. Aliyelichimba jiwe lile ana uzito kuliko jiwe lenyewe. Leo jioni pikapu zitaondoka tena Mwakitolyo. Mwenye kuzipakia ajue kwamba nyuzi anazozila ni zake kuzijibia.